Mstari Ulioachwa Nje

4 Februari

Mpwa wangu Chiriku,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa mama yako. Sisi ni wazima, ukiondoa masikio yangu, ambayo yamestaafu bila hata kuniaga. Miaka thelathini na mmoja nimekaa kando ya mitambo ya kiwanda cha uchapaji nikisahihisha makosa ya watu, na mitambo nayo ikinitoboa masikio. Ndiyo maana nakuandikia. Mama yako anasema nikupigie simu. Nikikupigia utaongea peke yako kama kawaida yako, nami nitaitikia "ndiyo, ndiyo" mpaka nikubali nisichokijua.

Mama yako anashona. Amepata kazi ya mapazia ya ukumbi mzima, na bado anakanyaga cherehani kwa mguu. Fundi alitaka kukitia mota, akafukuzwa. "Mguu ukilala, nyumba inalala njaa," akamwambia, maneno yaleyale aliyokuwa akikuambia ulipokuwa ukifanyia kazi za shule chini ya meza yake ya kukatia vitambaa.

Sasa mguu wenyewe ndio habari. Kidole gumba cha kulia kina kidonda tangu Desemba, na kwa mwenye sukari kidonda si jambo dogo. Kila Jumanne anakwenda kliniki. Muuguzi anamsafisha, anamfunga, anamgombeza. Daktari amesema wazi mbele yangu, tena kwa sauti ya kunifaa mimi: kikitunzwa kitapona, kikipuuzwa mguu utakatwa.

Kompyuta uliyotuletea ni nzuri, lakini imejaa wachuuzi. Mama yako akifungua kutazama mitindo ya mapazia, wanamrukia kutoka kila pembe: dawa ya sukari, dawa ya macho, dawa ya kurudisha mume (wake amekufa, arudishwe vipi?). Wiki iliyopita alibonyeza tangazo moja, kioo kizima kikajaa onyo jekundu lisilofungika, nalo likamtaka apige namba fulani. Nilichomoa waya ukutani. Mama yako huamini kilichoandikwa, na kosa ni langu, maana mimi ndiye niliyemzoesha kwamba kilichochapwa kimesahihishwa.

Nimesikia kuna faili ndani ya kompyuta ambalo mtu anaweza kuandika majina ya tovuti hizo zikazuiwa. Nieleze. Na kama una orodha, nitumie kwa karatasi. Siwezi kupokea dawa kutoka kwenye mashine ileile inayoumwa.

Mjomba wako.


19 Februari

Mjomba, shikamoo.

Nimefurahi kupata barua yako. Ofisini walishangaa kuona mtu ametumiwa bahasha yenye stempu. Mimi ni mzima. Chumba nilichopanga ni kidogo, lakini kina dirisha, na mwenye nyumba si mbaya akiwa amelala.

Faili unalolisema linaitwa hosts, na kila kompyuta inalo. Kompyuta ikitaka kwenda kwenye tovuti, kwanza inalitazama faili hilo: je, jina hili nimeandikiwa liko wapi? Lisipokuwemo, ndipo inauliza nje. Sisi tutaiandikia uongo. Kila jina baya unalitangulizia namba hizi, 0.0.0.0, kisha nafasi, kisha jina. Namba hizo maana yake hakuna mahali. Kompyuta ikilitafuta tangazo itaambiwa halipo popote, itanyamaza, na mama atatazama mapazia yake kwa amani. Tovuti za wezi nazo zinazuiwa hivyohivyo.

Jambo moja, mjomba. Faili hili halijui ukoo. Ukiandika jina la mzazi, yaani tovuti kuu, watoto wake, yaani matawi yake, wanapita. Kila jina liandikwe peke yake, mstari wake, bila kukosea hata herufi. Nakuambia wewe kwa sababu najua hukosei.

Nimeambatanisha majina mia moja na arobaini na mawili. Nimeyakusanya mwenyewe, na karatasi ya pili ina hatua za kulifungua faili. Ulimtuma mama aniulize kwenye simu kazi yangu hasa ni nini. Ni kuandika tu, mjomba. Maandishi ya hapa na pale.

Mwambie mama asikose kliniki.

Mpwa wako.


8 Machi

Chiriku,

Marahaba. Tumeipokea orodha. Mama yako ameishika kwanza yeye, akaigeuzageuza, akasema, "Mwanangu amefika mbali." Kwa watu waliomzunguka kwenye duka la vitambaa amekwisha kusema wewe ndiye unayeilinda mitambo ya dunia. Sikumsahihisha.

Nimekaa siku nne nikiandika. Majina mengine yana herufi arobaini na hayana maana, kama mtu aliyeangukia kibodi. Nikamaliza, nikaisoma orodha kutoka mwisho kwenda mwanzo kama tulivyokuwa tukifanya kiwandani, nikazima, nikawasha. Wachuuzi wakarudi wote, tena wakiwa na nguvu mpya.

Nikamwita fundi wa kompyuta wa duka la pembeni, mzee mwenzangu, mtu wa kucheka ovyo. Alipolifungua faili alicheka mpaka akashika meza. Nilikuwa nimeweka nukta mwishoni mwa kila mstari. Nikamwambia mstari usio na nukta ni mtu aliyetoka nje bila suruali. Akasema kompyuta haina aibu hiyo. Tukazifuta nukta mia moja na arobaini na mbili, moja moja, nikaumia kila moja. Kisha akagundua nimelihifadhi faili likiwa na mkia, hosts.txt, nalo halitaki mkia. Akaukata. Tukawasha tena.

Kimya, mpwa wangu! Palipokuwa na kelele pamebaki miraba myeupe. Mama yako anasema ukurasa umeng'olewa meno.

Isipokuwa tangazo moja. Linaitwa Nyayo Hai, unga wa vidonda vya miguu vya wenye sukari. Limepenya pale pale katikati ya mapazia. Na lazima nikiri kitu: limeandikwa vizuri. Mengine yote yameandikwa na watu walioichukia lugha. Hili lina sentensi fupi, halipigi kelele, koma zake zimekaa panapostahili. Aliyeliandika alifundishwa na mtu. Ndiyo maana linanitia hofu, kwa sababu mama yako hulisoma mpaka mwisho.

Nimenakili jina la tovuti yake hapo chini. Niongeze mstari wa mia moja arobaini na tatu? Sitagusa mpaka uniambie. Wewe ndiye unayejua, na mimi nimekwisha kuonekana mjinga mara moja mwezi huu.

Kidonda hakijafunga, lakini muuguzi anasema kinakwenda vizuri.

Mjomba wako.


2 Aprili

Mjomba, shikamoo.

Samahani nimechelewa. Tumehamishiwa ghorofa ya juu. Meza ziko mistari miwili, madirisha hayafunguki, na ukutani kuna kioo kikubwa kinachoonyesha namba mchana kutwa. Kichwa kinaniuma ninapofika nyumbani. Nilicheka sana habari ya nukta.

Kuhusu lile jina: usiliongeze. Limefungamana na sehemu inayoleta video za mitindo ya mama. Ukilizuia, na video zitakatika. Tangazo moja si neno. Alipuuze tu.

Namtumia mama soksi laini za wagonjwa wa sukari, hazina mshono. Azivae. Na aende kliniki, mjomba. Mwambie asikose hata Jumanne moja. Umwambie tena hata kama amekwisha kukuambia ndiyo.

Mpwa wako.


21 Mei

Chiriku,

Sina salamu ndefu leo. Soksi zilifika, zinamtosha.

Nilikutii. Mstari sikuuongeza. Sasa sikiliza kilichotokea.

Jana nilikuwa natafuta mkasi kwenye kabati la mama yako. Chini ya vitambaa vya bitana nikakuta makopo sita ya Nyayo Hai, matano yakiwa matupu. Nikamwendea na kopo mkononi. Alikuwa anakanyaga cherehani, hakusimamisha.

"Umeanza lini?" nikamuuliza.

"Aprili."

"Na kliniki?"

Akakata uzi kwa meno. "Wameandika kidonda kisioshwe siku arobaini. Kliniki wananiosha. Nitakwenda huku na huku?"

Jumanne tano, mpwa wangu, ameniaga anakwenda kliniki, naye anakwenda kukaa kwa muuza vitambaa mpaka saa ipite. Nikamwambia hao ni matapeli. Akanitazama kama mimi ndiye niliyemwibia. "Hawa watu wananijua, kaka," akasema. "Daktari hanijui. Daktari anajua sukari yangu. Hawa wameandika kama vile wamekaa humu ndani."

Nikamwambia avue soksi. Alikataa kwanza. Alipovua, niliisikia harufu kabla sijaona kitu. Kidole kimekuwa cheusi, na weusi umeanza kupanda. Leo ni siku ya thelathini ya zile arobaini. Alitaka kunibembeleza nimwachie siku zilizobaki.

Kesho asubuhi nampeleka hospitali, apende asipende. Amenikataza kukuambia, eti utaacha kazi uje. Nimekuambia. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi sifichi.

Nijibu upesi: nilizuie lile jina au la? Video zikikatika zikatike.

Mjomba wako.


17 Juni

Mpwa,

Barua yangu ya Mei haijajibiwa. Najua imefika, maana mama yako amezungumza nawe kwenye simu mara mbili, nawe umemuuliza habari za mguu kwa sauti ambayo hata yeye ameiona si yako. "Chiriku amepoa," akaniambia.

Wameukata tarehe tano. Chini kidogo ya goti. Wa kulia, ule wa kukanyagia. Daktari alisema angewahishwa wiki tatu angepoteza kidole tu. Alisema hivyo akiwa anaandika, hakuniangalia, namshukuru kwa hilo. Kazi ya ukumbi amepewa mshonaji mwingine. Alimtuma mtu aje kuchukua vitambaa vilivyokwisha kukatwa, na mama yako akiwa kitandani akamwelekeza vipande vyote, kipi kinaunganishwa na kipi.

Niliporudi kutoka hospitali niliwasha kompyuta. Nilitaka kumjua adui. Kazi yangu yote ilikuwa kusoma vitu ambavyo watu wengine wanavipitia tu, na hili tangazo nilikuwa nimelisifu koma zake bila kulisoma. Nililisoma. Nakunakilia mistari mitatu ya mwisho, neno kwa neno:

"Si lazima upange foleni kila wiki, ugombezwe na mtoto wa juzi. Unaujua mwili wako. Mguu ukilala, nyumba inalala njaa."

Nimeishi miaka sitini na minane. Nimesoma magazeti, vitabu vya shule, matangazo ya vifo, na barua za mapenzi za watu waliotaka nizinyooshe. Maneno hayo ya mwisho sijawahi kuyakuta popote isipokuwa kwenye chumba kimoja, kwenye mdomo wa mtu mmoja, juu ya meza ambayo chini yake alikuwa amekaa mtoto mmoja na daftari.

Koma nilikufundisha mimi.

Ni wewe?


9 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Sijui kama utaitikia.

Ni mimi.

Kampuni ina wateja wengi, na Nyayo Hai ni mmoja wao. Mwaka jana tangazo lao lilikuwa limeandikwa na mtu asiyejua lugha, watu walikuwa hawalibonyezi. Mkuu wa chumba akasema anataka liandikwe na mtu wa nyumbani, lisikike kama mtu wa nyumbani. Nililiandika mchana mmoja, kati ya chakula na saa kumi. Sikumfikiria mama. Yaani nilimfikiria, lakini kama mtu anavyofikiria kabati lenye vitu vizuri. Nilihitaji sentensi ya mwisho, nikaenda nikaichukua. Zile namba, ambazo ni idadi ya wanaobonyeza, zilipanda wiki ileile, wakanipigia makofi, wakanipandisha cheo. Mama nilimwambia nimepandishwa cheo. Alishona kitambaa cha meza akanitumia.

Hujaniuliza kwa nini niliacha jina hilo nje ya orodha. Ulipoomba orodha, niliichukua ile tunayotumia ofisini kuwachunguza washindani wetu. Majina yetu hayamo humo. Ningeweza kuyaongeza. Nilikaa na kalamu, nikajiambia mama ni mbishi, haambiliki, hawezi kununua unga kwa mtu asiyemjua. Halafu ukaniandikia kwamba aliyeliandika alifundishwa na mtu. Barua hiyo niliisoma mara tatu, mjomba. Umenisahihisha tangu nina miaka saba na hujawahi kunisifia sentensi hata moja. Niliona fahari. Nilijua lazima nikuambie uzuie, na niliona fahari, nikangoja, kisha nikakuandikia ule uongo wa video. Video hazihusiani nalo kabisa.

Unga wenyewe sijui una nini. Sikuwahi kuuliza. Kwenye chumba kile hakuna anayeuliza.

Naambatanisha majina yote. Yako sitini na moja. Kampuni hubadili majina kama mtu anavyobadili shati: moja likizuiwa wanatoa jingine, kwa hiyo nimeandika hata yale ambayo hayajaanza kutumika. Wakijua nimeyatoa sijui watanifanya nini. Yaandike yote. Na mpe fundi wako wa pembeni, awawekee watu wengine.

Nakuomba jambo moja ambalo sistahili kuomba. Usimwambie mama.

Mpwa wako.


1 Agosti

Mpwa,

Marahaba. Salamu ni haki hata ya mtu niliyemkasirikia, na nimekukasirikia kiasi kwamba barua hii ni ya nne, tatu nimezichana.

Nimeyaandika majina yako sitini na moja, bila nukta. Ilinichukua asubuhi moja. Ule mstari wa kwanza, ule niliouombea ruhusa mwezi wa tatu, ulinichukua muda mfupi kuliko kufunga kifungo cha shati. Mkono ulikuwa kwenye kibodi tangu Machi. Nilikuwa nalijua tangazo, nalijua jina lake, namjua dada yangu, na bado nikangoja neno la msomi. Hilo ni la kwangu, sikutupii wewe. Yako yanakutosha.

Fundi wa pembeni nimempa nakala. Hakucheka safari hii. Ameahidi kuyaweka kwenye kila kompyuta inayopita mezani kwake. Hakuuliza nimeyatoa wapi majina ambayo hayajazaliwa, nami sikumwambia.

Umeandika kurasa mbili, na nimezisoma kutoka mwisho kwenda mwanzo, nikitafuta sentensi moja. Haimo. Hujasema umeacha kazi. Umesema wakijua hujui watakufanya nini, na mtu aliyetoka hasemi hivyo. Sikulazimishi. Nakuonyesha tu kwamba nimeliona pengo, ndiyo kazi niliyofanya maisha yangu yote.

Mama yako sijamwambia. Usidhani ni kwa ajili yako. Muuguzi akija kumbadilishia bandeji, jambo la kwanza anamwonyesha ni picha yako. Akinyang'anywa na hiyo atabaki na nini? Amerudi nyumbani, anajifunza magongo, ananitukana nikimsaidia. Cherehani amekifunika kwa shuka. Nilimwambia tukitie mota sasa. Akasema, "Kesho," na mama yako hajawahi kusema kesho kwa kitu chochote.

Sasa nina ujumbe wake kwako, na nimeahidi kuufikisha kama ulivyo.

Kisigino cha kushoto kimepasuka. Ufa mdogo, ameugundua Ijumaa. Jumatatu ameomba nimsogeze mbele ya kompyuta. Nikadhani anataka mitindo. Akatafuta, akatafuta, akashuka ukurasa mpaka chini, akapanda tena. Kila mahali miraba myeupe. Kisha akanigeukia, macho yamejaa machozi. Tangu walipomkata mguu sikuwa nimeyaona machozi yake, ndiyo ilikuwa mara ya kwanza.

Nikamuuliza: Unatafuta nini?

Akanisemea taratibu, ili nione midomo. Ule mguu, akasema, haukuharibiwa na dawa. Uliharibiwa na mimi niliyemkimbiza hospitali siku ya thelathini na moja, zikiwa zimebaki siku tisa. Wameandika siku arobaini, na waliotimiza arobaini wamepona. Safari hii atatimiza. Lakini tangazo limepotea, na makopo nilikwisha kuyatupa.

"Mwandikie mwanangu," akasema. "Yeye anajua mambo haya. Mwambie mama yake anamwomba, alirudishe."

Nimemwambia nitaandika, na nimeandika. Jibu usinitumie mimi. Yeye anajua kusoma. Mwandikie mwenyewe umwambie kwa nini halirudi, kabla hajapata kompyuta nyingine.

Mjomba wako.